Wasomaji Wanauliza: Mbengali Aliyeiandika Mombasa Bila Kufika Mombasa

Katika toleo lililopita tulimtaja Bibhutibhushan Bandyopadhyay kwa sentensi mbili tu, tukasema ndiye mtunzi wa Pather Panchali, riwaya iliyozaa filamu ya kwanza ya Satyajit Ray mwaka 1955. Sentensi mbili kwa mtunzi kama huyu ni haba mno, na barua zenu zimetukumbusha. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Maktabani nimekuta majina Bandyopadhyay, Bandopadhyay na Banerji. Ni watu watatu? Na hutamkwaje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ni mtu mmoja. Bandyopadhyay ni umbo la Kisanskriti la jina la ukoo, nalo Banerji au Banerjee ni lile la mazungumzo ya kila siku. Jambo hili huwapotezea watu vitabu: tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1968 ya riwaya yake kuu imechapishwa kwa jina Banerji, kwa hiyo ukiitafuta kwa Bandyopadhyay unaweza kuambiwa haipo na kumbe iko rafuni. Tafuta kwa jina la kwanza, kisha hakikisha la ukoo. Hakikisha kweli, maana yupo mtunzi mwingine wa Kibengali aitwaye Bibhutibhushan Mukhopadhyay, naye alizaliwa mwaka huohuo wa 1894 na akaishi hadi 1987. Wako pia Tarashankar na Manik, wote wawili Bandyopadhyay, wote watunzi wakubwa wa kizazi kimoja na huyu wetu. Hawakuwa ndugu.

Kuhusu matamshi, a fupi ya Kibengali husikika karibu na o. Sema Bibhutibhushon Bondopaddhai. Ile bh ni b inayotoka na pumzi. Msemaji wa Kimvita anayetofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi ya p hatapata taabu kuelewa tunachosema.

SWALI: Naomba maisha yake kwa ufupi, hasa alikuwa akipata riziki wapi. Riwaya zililipa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1894 kwa wajomba zake katika kijiji cha Muratipur, lakini kwao ni Barakpur, kijiji kilicho kando ya mto Ichamati karibu na Bangaon. Baba yake, Mahananda, alikuwa kathak: msomi wa Kisanskriti aliyesafiri kijiji hadi kijiji akisimulia visa vya dini mbele ya watu kwa malipo. Kazi hiyo ilileta heshima kuliko mchele. Bibhutibhushan alikuwa kifungua mimba wa watoto 5, akasoma kwa shida, akamaliza sekondari Bangaon mwaka 1914 na kupata shahada ya kwanza katika Chuo cha Ripon, Kolkata, mwaka 1918. Alianza masomo ya juu zaidi na ya sheria, akayaacha. Mke wake wa kwanza, Gauri, alifariki baada ya ndoa ya muda mfupi sana, na kifo hicho hakikumtoka maishani. Nyumba aliyokuja kuwa nayo katika mji wa Ghatshila miaka mingi baadaye aliipa jina la Gauri.

Riziki yake ilikuwa ualimu wa shule za vijijini: kwanza Jangipara, kisha Harinabhi. Katikati akawa mhamasishaji wa kusafiri wa chama cha kulinda ng'ombe, halafu akaajiriwa na familia tajiri ya Ghosh wa Kolkata iliyokuwa na milki ya msitu upande wa Bhagalpur, Bihar. Alipelekwa huko katikati ya miaka ya 1920 kusimamia ardhi. Baadaye akarudi kufundisha Kolkata, na mwishoni kabisa katika shule ya Gopalnagar, jirani na kijiji chake. Mwaka 1940 alimwoa Rama, aliyeitwa pia Kalyani, na mwaka 1947 wakampata mtoto wao Taradas, ambaye naye akawa mwandishi. Bibhutibhushan alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Ghatshila tarehe 1 Novemba 1950, akiwa na miaka 56. Tuzo ya Rabindra kwa riwaya yake Ichamati ilitolewa mwaka 1951, yeye akiwa ameshakuwa jivu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: aliandika zaidi ya riwaya kumi na hadithi fupi nyingi sana, na bado chaki haikumtoka mkononi.

SWALI: Vitabu vinapingana kuhusu tarehe. Hadithi yake ya kwanza ni ya 1921 au 1922? Na Pather Panchali ni ya 1928 au 1929? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hilo la kwanza ni kosa la hesabu. Majarida ya Kibengali hutumia mwaka wa Kibengali, unaoanza katikati ya Aprili. Kanuni ni hii: kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Desemba ongeza 593, kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili ongeza 594. Alizaliwa mwezi wa Bhadra, unaoangukia Agosti na Septemba, mwaka 1301; ongeza 593 upate 1894. Hadithi yake ya kwanza, Upekshita, ilitoka katika jarida la Prabasi mwezi wa Magh 1328. Magh ni Januari na Februari, kwa hiyo unaongeza 594, unapata 1922. Anayetumia 593 mwaka mzima hupata 1921, na kosa hilo likishaingia kitabu kimoja hunakiliwa na vingine kumi.

La pili si kosa, ni vitu viwili tofauti. Pather Panchali ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Bichitra mwaka 1928, na ikawa kitabu mwaka 1929.

SWALI: Nianze na kitabu gani? Nimeshaona filamu, je, nikisoma riwaya nitakuta mambo yaleyale? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Anza na Pather Panchali hata kama umeona filamu, tena hasa kama umeiona. Jina lenyewe linatufaa sana sisi. Pather ni “wa njia”, na panchali ni utungo mrefu wa kusimulia, wa dini, unaoimbwa au kughaniwa majumbani. Kiswahili hakihitaji kuhangaika hapo: ni Utenzi wa Njia.

Riwaya ina sehemu tatu. Ya kwanza inamhusu bibi kizee Indir Thakrun, jamaa wa mbali anayekula kwa hisani ya Harihar Ray na mkewe Sarbajaya katika kijiji cha kubuniwa cha Nischindipur. Ya pili, Aam Antir Bhenpu, ni ya watoto wao wawili, Durga na mdogo wake Apu. Maana ya jina hilo ni filimbi ya kokwa la embe: mtoto huchukua kokwa lililochipua, akalisugua hadi lipate uwazi, akalipuliza. Ya tatu inawafuata baada ya kuhama kijiji kwenda Kashi, yaani mji wa Varanasi, ambako Harihar anafariki.

Mwenye filamu kichwani atashangaa mahali pafuatapo. Kitabuni Indir Thakrun anakufa mapema, Apu akiwa bado mtoto mchanga. Satyajit Ray alimrefushia maisha ili watoto wote wawili wamjue na waikute maiti yake. Kitabuni kile ambacho Durga aliiba ni kikopo cha dhahabu cha rangi nyekundu ambayo wanawake walioolewa hujipaka kichwani, na Apu anapokigundua baada ya kifo cha dada yake anakitupa kwenye mianzi. Katika filamu ni mkufu, nao unatupwa kwenye bwawa.

Tofauti kubwa kuliko zote ni treni. Kila mtu aliyeona filamu anawakumbuka Durga na Apu wakikimbia kwenye manyasi meupe, na treni ikipita. Katika riwaya Durga hakuiona treni kamwe. Wanatoroka siku moja kwenda kuitafuta reli, wanapotea, wanarudi nyumbani wamechoka. Baadaye, akiwa kitandani na homa, anamwomba mdogo wake amwonyeshe garimoshi siku moja. Anakufa. Apu anapopanda treni kwa mara ya kwanza, yuko njiani kukihama kijiji moja kwa moja, na anachokiona dirishani ni dada yake aliyebaki nyuma. Filamu ni kazi kubwa na hatuipunguzii kitu, lakini maumivu haya yako kitabuni tu.

Inasimuliwa kwamba katika mswada wa kwanza Durga hakuwepo kabisa. Mtunzi alikuwa Bhagalpur, kazi imeshafika mbali, akamwona njiani msichana wa kijijini mwenye nywele timutimu zinazopeperushwa na upepo, akahisi kitabu bila msichana huyo hakijakamilika, akaanza upya. Aliiandika kati ya 1925 na 1928.

Angalizo la kununua: tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1968, ya T. W. Clark na Tarapada Mukherji, inaishia familia inapopanda treni. Sehemu ya tatu imeachwa kwa makusudi, watafsiri wakiona hadithi imekamilika hapo. Ukinunua toleo hilo ukaenda moja kwa moja kwenye Aparajito ya mwaka 1932, ambayo ndiyo mwendelezo, utamkuta Apu hana baba na hutajua alimpotezaje. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho: kama hawajafika Kashi, una theluthi mbili za mpango wa mtunzi. Aparajito imetafsiriwa na Gopa Majumdar, na kwa wasomaji wa Kifaransa walioko Kongo, Burundi na Rwanda, Pather Panchali ilitafsiriwa na France Bhattacharya mwaka 1969.

SWALI: Nasomea misitu. Mwalimu wetu alitaja riwaya yake Aranyak. Je, ina elimu yoyote ya msitu au ni mashairi tu? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ina elimu ya jinsi msitu unavyouawa na mtu anayeupenda, na kwa msomi wa misitu hiyo ni elimu adimu.

Satyacharan, kijana msomi asiye na kazi, anaajiriwa kusimamia ardhi ya tajiri wa Kolkata huko Bihar. Jukumu lake ni kugawa msitu kwa wapangaji. Utaratibu ni huu: mpangaji hulipa kwanza ada ya kuingilia iitwayo salami, halafu kodi ya kila mwaka kwa kila bigha. Bigha ya Bengal ni kama theluthi moja ya eka. Ardhi hiyo zamani ililimwa. Mto Ganges ukaifunika, wakulima wakaondoka, maji yalipopungua ikaota msitu. Wakulima wa zamani wanataka warudi, lakini mwenye milki hawataki kwa masharti ya kale, kwa sababu mpangaji mpya analeta salami mpya. Hapo ndipo msitu unapoanza kuhesabiwa kwa rupia. Kila mkataba Satyacharan anaotia saini ni shoka, naye anajua.

Watu wa kitabu hiki hawasahauliki. Yuko Jugalprasad, anayetafuta mbegu na miche ya maua ya mbali na kuipanda porini mahali ambapo hakuna mtu atakayemsifu. Yuko Dobru Panna, mzee wa ukoo wa kifalme wa wenyeji wa misitu, sasa mchunga mifugo. Wako maskini ambao chakula chao cha kila siku ni nafaka ndogo za jamii ya uwele na unga wa kunde zilizokaangwa. Kwao wali ni karamu, na hutembea mwendo mrefu wakisikia mahali unapopakuliwa. Mtunzi anataja kila mti na kila ua kwa jina la pale pale. Hasemi “miti mikubwa”.

Uzito huo ulitoka kwenye shajara. Tarehe 12 Februari 1928, akiwa bado Bhagalpur, aliandika katika shajara iliyokuja kuchapishwa kwa jina Smritir Rekha kwamba anataka kuandika kitu juu ya maisha ya msituni, upweke wake, kupanda farasi, kupotea njia. Kitabu kilitoka mwaka 1939, miaka 11 baadaye. Mwisho wake ni kuomba radhi: msimamizi anaondoka akiitaka miungu ya kale ya msitu imsamehe. Tafsiri nzuri ya Kiingereza ni ya Rimli Bhattacharya.

SWALI: Mimi ni wa Kisumu. Nimeambiwa kuna riwaya ya Kibengali inayoutaja mji wetu pamoja na Mombasa. Ni kweli? Alifika huku lini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Riwaya ipo. Mtunzi hakuwahi kukanyaga Afrika.

Inaitwa Chander Pahar, yaani Mlima wa Mwezi. Ilitoka kwanza katika jarida la watoto la Mouchak, kisha kama kitabu mwaka 1937, na hadi leo ni vigumu kumpata Mbengali msomaji ambaye hakuisoma utotoni. Mwaka ni 1909. Shankar, kijana wa kijijini, amemaliza masomo, baba hana afya, na kinachomngoja ni kazi ya kiwanda cha juti. Kwa msaada wa mtu wa kijijini kwao aliyeko Afrika, anapata kazi katika Reli ya Uganda. Kambini simba wanawachukua vibarua mmoja mmoja, na rafiki yake Tirumal Appa ni miongoni mwao. Anahamishiwa ustesheni masta katika kituo cha upweke ambako hata maji ya kunywa yanaletwa na treni, na usiku mmoja anaamka kumkuta koboko chumbani. Kisha anamwokoa Mreno mgonjwa, Diego Alvarez, ambaye anamwambia habari za pango la almasi, na safari inaanza: kwa meli hadi Mwanza, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, na kusini zaidi.

Alizipata wapi habari hizo? Mwenyewe anasema katika dibaji: si tafsiri wala mwigo wa kitabu cha Kizungu, wahusika ni wa kubuni, ila sura ya nchi ameitoa kwenye vitabu vya wasafiri, akiwataja H. H. Johnston na Rosita Forbes. Kwa hiyo tunaweza kupima kazi yake kama unavyopima ramani iliyochorwa na mtu aliyeko mbali.

Alipopatia: reli ilijengwa kwa jasho la Wahindi. Vibarua 31,983 waliletwa kwa mkataba kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu, na 2,493 kati yao walikufa. Simba wala watu si chumvi ya hadithi. Wale wa Tsavo walisimamisha ujenzi wa daraja mwaka 1898. Njia ya Mwanza hadi Ujiji kwa miguu mwaka 1909 ni sawa pia, kwa kuwa reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ya Mwanza ikangoja hadi 1928. Aliyesoma haraka angewapandisha treni. Yeye hakufanya hivyo.

Alipokosea: kambi ya Shankar inajenga tawi la reli, maili 350 magharibi mwa Mombasa. Kwenye reli halisi Nairobi iko maili 327, kwa hiyo tuko mbele yake kidogo tu. Lakini mwaka 1909 hakukuwa na tawi lililokuwa likijengwa huko. Lile la Thika lilifunguliwa 1913, la Magadi likafuata. Vibarua wa reli walikuwa zaidi Wapunjabi, si watu wa Bengal. Kosa kubwa ni la milima. Anaiweka milima ya Richtersveld Afrika ya Kati, ikiwa na misitu mizito na mvua. Richtersveld halisi ni jangwa la mawe katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, kando ya mto Orange. Na Bunyip, zimwi analolifanya mlinzi wa almasi, ni wa masimulizi ya wenyeji wa Australia. Msomaji anayeitarajia Ruwenzori kwa sababu ya jina la kitabu naye hataikuta: jina la Milima ya Mwezi hapa limebaki kuwa ndoto ya Shankar aliyeisoma kitabuni.

Kuna upungufu mwingine, nao ni mzito kuliko jiografia. Waafrika katika riwaya hii ni wapagazi na wanakijiji wanaopita njiani. Hakuna hata mmoja mwenye nafsi kama ya Durga au Jugalprasad. Vitabu alivyovitegemea viliandikwa na wasafiri wa Kizungu, na macho yao yakaingia kwake pamoja na milima na mito. Mtunzi aliyeweza kumpa utu kamili bibi kizee asiye na meno alihitaji kukaa na watu kwanza, kuwasikia wakiomba chumvi, kujua wanaitana nani. Bhagalpur alikaa. Mombasa aliisoma. Ukiweka Aranyak na Chander Pahar mezani pamoja utaiona tofauti hiyo kila ukurasa, na bado tunakushauri uisome hii ya pili, kwa mwendo wake na kwa kuona jinsi pwani na bara letu vilivyong'aa katika ndoto ya mwalimu wa shule aliyekuwa mbali sana.

SWALI: Ninataka kutafsiri hadithi zake kwa Kiswahili. Naruhusiwa? Na mitego iko wapi? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Sheria kwanza. India hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 60 baada ya mwaka wa kifo. Alifariki 1950, kwa hiyo tangu Januari 2011 maandishi yake ya Kibengali yako huru huko. Tanzania na Kenya hesabu ni miaka 50, ikaisha na mwaka 2000. Lakini tafsiri ya Kiingereza ina hakimiliki yake yenyewe. Ukitafsiri kutoka Kiingereza unahitaji idhini ya mwenye tafsiri hiyo au mchapishaji wake, hata kama maandishi ya Kibengali yenyewe yako huru. Njia salama ni kufanya kazi na mtu anayesoma Kibengali: yeye anakueleza sentensi kwa sentensi, wewe unaandika Kiswahili, na majina yenu wawili yanakaa kwenye jalada.

Mtego mbaya kuliko yote ni majina ya ujamaa, kwa sababu yanafanana na yetu na yanadanganya. Dada ya Kibengali ni kaka mkubwa. Kaka yao ni baba mdogo. Mama yao ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Baba ni baba, na hapo peke yake tunakutana. Ukiacha maneno haya kama yalivyo “ili kuhifadhi ladha”, msomaji wa Kiswahili atamwona mjomba amenyonyesha. Yatafsiri yote bila huruma. Didi, ambalo ndilo Apu anamwita Durga, lifanye dada, nalo linakaa vizuri kabisa kwa sababu kwetu mdogo humwita mkubwa wake dada kwa heshima hiyohiyo. Pishi ni shangazi, usimlete jikoni.

Mimea usiibadilishe. Embe, fenesi, mianzi, mvumo: tunayo yote, tumia majina yetu. Kash, yale manyasi marefu yenye mashuke meupe, acha liitwe kash na ulieleze mara moja ndani ya sentensi. Vyakula vivyo hivyo. Kosa la watafsiri wengi ni kumfanya Sarbajaya apike ugali ili atuzoee. Umaskini wake una sura yake: mchele uliobaki kiganja, na majani ya porini yanayohesabiwa kuwa mboga. Ukimpa ugali umemwondoa kijijini kwake.

Sentensi zake ni ndefu na zinatembea polepole, hasa anapotaja jioni na harufu ya majani. Usizikatekate. Kiswahili kina pumzi ya kutosha.

Kwa kuanzia usichukue riwaya nzima. Chukua sura ya Adarsha Hindu Hotel ya mwaka 1940, inayomhusu Hajari, mpishi wa mgahawa karibu na stesheni ya Ranaghat, anayenyanyaswa kazini lakini ana ndoto ya kufungua mgahawa wake, na akiba za wanawake wa vijijini wanaomwamini ndizo zinazomwezesha. Lugha yake ni ya sokoni na jikoni, na yeyote aliyekula kwa mama lishe stendi ya mabasi ataielewa.

SWALI: Aliandika chochote kuhusu njaa kubwa ya Bengal? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Ndiyo, Ashani Sanket. Ilianza kuchapishwa jaridani mwaka 1944, mwaka mmoja tu baada ya njaa yenyewe iliyoua watu kati ya milioni 2 na 3. Haina mizoga mingi. Inaonyesha mchele ukipanda bei wiki hadi wiki huku mashamba yakiwa mabichi, kuhani wa kijiji Gangacharan akigundua kwamba heshima yake hainunui kibaba, na mwisho kijiji kinapigwa na butwaa mbele ya mtu wa kwanza kufa kwa kukosa chakula. Walikuwa hawajui kwamba jambo hilo linawezekana. Ray aliifanya filamu mwaka 1973.

SWALI: Nitakuwa Kolkata kwa matibabu ya mzazi, nitapata siku mbili huru. Naweza kufika kijijini kwake? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Unaweza, kwa siku moja. Ila mwambie dereva au mkata tiketi neno sahihi. Ukisema Barakpur peke yake utapelekwa Barrackpore, mji wa kambi ya jeshi kaskazini ya Kolkata, na siku yako imekwisha. Sema Gopalnagar, njia ya Bangaon. Panda treni ya Bangaon katika stesheni ya Sealdah, mwendo wa kama saa 2, kisha ubadilishe kwa treni ya Ranaghat. Gopalnagar iko jirani, na kutoka hapo unachukua bajaji hadi kijijini. Ondoka alfajiri. Treni za asubuhi zinazoingia Kolkata hujaa pomoni, zile zinazotoka huwa na nafasi. Mto Ichamati uko hapo hapo, mwembamba kuliko ulivyo vitabuni.

Ghatshila, alikofia, iko Jharkhand, njia ya Tatanagar kutoka stesheni ya Howrah, zaidi ya kilomita 200. Itakula siku yako ya pili nzima. Nyumba yake, Gauri Kunja, imetunzwa.

Ukiwa na hiari ya kuchagua miezi, nenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba, mvua zikiwa zimepungua na kash zimechanua. Usiahirishe ukiziona njiani. Ray alipiga picha za mwanzo za watoto kwenye uwanja wa kash siku moja, akarudi wiki iliyofuata kumalizia, akakuta ng'ombe wameyala manyasi yote, ikabidi angoje hadi msimu wa mwaka uliofuata.